Gitaa la Umeme na Mizani ya Kiswahili: Muziki wa Roki na Ubunifu wa Nyimbo katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi muziki wa roki, ambao ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, ulivyopokewa, ukageuzwa na kupewa maana mpya katika Pwani ya Kenya, hasa katika ule ukanda unaoanzia Mtwapa, ukapita Takaungu, Kilifi na Watamu, hadi kufikia Malindi na Mambrui. Huenda msomaji akauliza: je, roki ina uhusiano gani na idara ya lugha za Kiafrika? Jibu letu ni kwamba wimbo ni lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mahali ambapo lugha ya Kibantu yenye silabi wazi na mkazo usiohama inakutana na mapigo yaliyozaliwa na lugha nyingine, hapo pana tatizo la kiisimu na la kifasihi ambalo haliwezi kuachiwa wanamuziki peke yao.

Kuna sababu nyingine ambayo ni nzito zaidi. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamezishughulikia sana tenzi, mashairi na, kwa kiasi fulani, nyimbo za taarab. Nyimbo za bendi, na hasa nyimbo za bendi za hotelini, zimedharauliwa. Zimehesabiwa kuwa ni kelele za kuwafurahisha watalii, zisizo na ushairi wala asili. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba dharau hiyo imetugharimu, kwani wimbo wa Kiswahili unaojulikana na watu wengi kuliko wote duniani ulitoka katika mkondo huo huo tulioudharau, na sisi tulipokuwa tumeupa kisogo, wengine waliyachukua maneno yake wakaenda nayo sokoni.

Makala yamegawanywa katika sehemu kadhaa baada ya utangulizi huu. Kwanza tutaeleza maana ya roki. Pili, njia ambazo gitaa la umeme lilipitia hadi kufika Pwani. Tatu, tatizo la mizani na mkazo. Nne, suala la lugha ya hotelini na umilikaji wa maneno. Na mwisho tutatazama hali ilivyo leo na kutoa mapendekezo.

2. Roki ni nini?

Yafaa kwanza tuondoe kosa dogo la tafsiri. Wako wanaodhani kwamba jina la muziki huu linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya jiwe au mwamba, na hivyo huuita "muziki wa mwamba". Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kutikisa au kuyumbisha, kama mawimbi yanavyoyumbisha chombo, au kama mama anavyompembeza mtoto. Muziki huu, basi, umepewa jina la mwendo wa mwili, na katika hilo hautofautiani na ngoma zetu nyingi, ambazo nazo huitwa kwa jina la uchezaji wake.

Kwa asili, roki ni mwana wa wazazi kadhaa. Kuna nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi wa kusini, kuna nyimbo za makanisa yao, na kuna nyimbo za wakulima wazungu wa huko huko. Watu kama Chuck Berry na Little Richard, waliopata umaarufu mwaka 1955, waliuweka muziki huo juu ya mapigo manne, ambapo pigo la pili na la nne ndiyo yanayochapwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1960 kundi la Beatles la Uingereza liliongeza jambo jingine lililokuwa muhimu sana kwa vijana wa dunia nzima: kundi dogo la marafiki au ndugu, wenye magitaa na ngoma, wanaojitungia nyimbo zao wenyewe bila kumngoja mtunzi wa kulipwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya roki tunazungumza juu ya mambo matatu yaliyofungamana: mapigo, chombo na utaratibu wa utunzi.

Chombo chenyewe ni gitaa la umeme. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa, nao hukuzwa na mtambo na kutolewa katika kipaza sauti. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mlio wa uzi unaweza kurefushwa kupita kiasi cha gitaa la kawaida. Pili, mtambo ukizidishiwa nguvu, mlio hukwaruza na kunguruma. Wasikilizaji wa Ulaya waliozoea usafi wa sauti walishtushwa na mkwaruzo huo. Lakini katika Pwani yetu mlio wa namna hiyo haukuwa mgeni. Zumari hutoa sauti ndefu, kali, isiyokatika. Na kayamba la Wamijikenda, lile la matete yaliyotiwa mbegu ndani, hupendwa kwa sababu ya mchakacho wake. Kijana wa Kigiriama aliyelelewa kwa mchakacho wa kayamba hakuhitaji kufundishwa kwamba mkwaruzo nao ni uzuri.

3. Gitaa linafika Pwani

Si kweli kwamba gitaa la umeme lililetwa Pwani na watalii. Kabla ya watalii kulikuwa na vita. Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 katika sehemu za Kilifi na kufariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa Waafrika walioingizwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la wakoloni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita alirekodi nyimbo nyingi katika santuri, naye anatajwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa gitaa la umeme katika Afrika Mashariki yote. Upigaji wake haukuwa wa roki. Ulikuwa wa rumba na wa dansi za siku zile. Hata hivyo, miaka kadhaa kabla ya Beatles, mtoto wa Kilifi alikuwa ameshashika gitaa la umeme na kulisemesha Kiswahili.

Wala si gitaa peke yake lililotiwa umeme. Katika taarab ya Mombasa, Matano Juma alitumia kinanda cha umeme, na taishokoto, kile chombo cha nyuzi na vibonyezo kilichobuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20, kiliunganishwa na mtambo na kuwa sauti maalumu ya makundi kama lile la Zuhura Swaleh. Taarab, ambayo wengi wetu tunaichukulia kuwa ndiyo hifadhi ya mila, ilikuwa imeshaupokea umeme bila fadhaa. Hivyo basi, tofauti kati ya "muziki wa kienyeji" na "muziki wa umeme" ambayo hutajwa mara kwa mara haina mashiko katika Pwani hii.

Njia ya pili ilikuwa hoteli. Malindi ilianza kupata hoteli za wageni katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1960 Wataliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambapo setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Na uhusiano wa mji huo na Italia ukazidi kukua tangu hapo. Hoteli za ufukoni zilihitaji bendi za usiku, na bendi hizo zilitakiwa zipige nyimbo ambazo mgeni alizijua tangu kwao. Kijana aliyetaka ajira ilimbidi azijue nyimbo za Beatles, za soul, za Kitaliano na za Kijerumani, azipige kama zilivyo katika santuri, kisha asubuhi arudi kwao ambako usiku huo huo huenda mwanzele ulikuwa ukichezwa matangani.

Njia ya tatu ilikuwa redio na santuri, na hapa siasa iliingia. Mwezi Novemba mwaka 1969 wakuu wa serikali huko Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Nchini Kenya hakukuwa na marufuku ya namna hiyo. Na mwaka 1980, Sauti ya Kenya ilipoamua kwamba sehemu kubwa ya muziki wake, yaani asilimia 75, iwe ya Kikenya, uamuzi huo ulidumu muda mfupi sana. Kutokana na uhuru huo, Slim Ali wa Mombasa na kundi lake la Hodi Boys waliweza katika miaka ya 1970 kuimba soul kwa Kiingereza na kupendwa. Uhuru huo ulikuwa na faida na hasara: kijana wa Pwani aliweza kujifunza kila mtindo uliokuwa duniani, lakini hakuna aliyemtia shime atunge kwa lugha yake.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozuka, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison iliyojulikana baadaye kwa jina la Them Mushrooms. Majina ya ndugu hao, kama vile Katana na Kalume, yanatuonyesha wazi kwamba ni watu wa Kimijikenda. Walianza kama bendi nyingine za hotelini, kwa kuzipiga nyimbo za wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wameshageukia reggae, mtindo ambao wenyewe ulikuwa umefikishwa kwa wasikilizaji wa roki na Bob Marley; katika albamu yake ya mwaka 1973, Catch a Fire, gitaa la roki liliongezwa huko London kwa makusudi hayo. Baada ya reggae wakaingiza chakacha, na mwaka 1987 wakahamia Nairobi. Huko walishirikiana na Fundi Konde mwenyewe, na Fadhili William, na Malika wa taarab, na hata Daniel Owino Misiani wa benga. Jina lao la Kiingereza nalo likapata mwenziwe wa Kiswahili: Uyoga. Badiliko hilo ni la kutiliwa maanani. Bendi iliyoanza kwa kuvaa jina la kigeni, kama zilivyofanya bendi nyingi za roki za wakati ule, ilimalizia kwa nomino ya ngeli ya U, jina la kitu kinachoota chenyewe baada ya mvua.

4. Kunakili na kubuni

Hapa lazima tujibu hoja inayotolewa mara nyingi, kwamba bendi iliyoanza kwa kunakili haina ubunifu. Hoja hii inasahau mila yetu wenyewe. Katika ushairi wa Kiswahili, mtunzi wa takhmisa huchukua shairi la mwenziwe aliyetangulia, akauongezea kila ubeti mishororo mitatu ya kwake hata ukawa na mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa karne ya 18, ilitungwa kwa namna hiyo, wala hakuna mhakiki aliyemwita Sayyid Abdalla mwizi au mwigaji. Ustadi wake ulipimwa kwa jinsi alivyoweza kuufanya mshono usionekane.

Hali kadhalika, Juma Bhalo na Maulidi Juma, ambao ni miongoni mwa waimbaji wakubwa wa taarab ya Mombasa, walitumia mara nyingi mahadhi yaliyotoka katika filamu za Kihindi na kuyatilia maneno ya Kiswahili. Maneno hayo yalikuwa ya kwetu kwa vina na mizani, na mahadhi yalikuwa ya kuazima. Kwa hiyo mwanabendi wa Malindi aliyechukua mapigo ya roki au ya reggae na kuyavisha maneno ya Kiswahili hakufanya jambo geni. Alifuata kawaida ya Pwani ya karne nyingi: kupokea kitu kilicholetwa na bahari, kukifanyia kazi, na kukirudisha kikiwa na alama ya mkono wako.

Tofauti moja iko, nayo ni ya kijamii. Mtunzi wa takhmisa na mwimbaji wa taarab walikuwa na hadhira iliyojua lugha, iliyoweza kusema "hapo umepatia" au "hapo kina kimevunjika". Mwanabendi wa hotelini aliimbia watu wasiojua hata neno moja. Mtunzi asiyekuwa na mhakiki yu katika hatari mbili: ya kulegea, au ya kuwa huru kupita wengine wote. Bendi za Pwani zilipata yote mawili.

5. Mizani, mkazo na mapigo

Sasa tuje kwenye kiini cha suala letu. Katika Kiingereza, ambacho ndicho kilichoizaa roki, maneno mengi ya kawaida ni ya silabi moja, na mshororo wa wimbo aghalabu humalizikia katika silabi yenye mkazo, ambayo huangukia juu ya pigo zito. Mlango unafungwa kwa kishindo. Kiswahili, na Kigiriama vile vile, kina mwendo mwingine. Mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo haikazwi tu bali pia hurefushwa kidogo. Na neno humalizikia kwa irabu iliyo nyepesi. Mlango wetu hufungwa taratibu.

Zaidi ya hayo, kina cha Kiswahili kiko katika ile silabi ya mwisho isiyo na mkazo. Natutazame mfano huu mdogo, tuliojitungia kwa ajili ya maelezo haya tu:

Mwenda pwani ya Watamu,
Nipelekee salamu.

Kila mshororo una mizani 8, na kina ni -mu. Lakini mkazo uko katika -ta- na -la-. Mwimbaji wa roki anayetaka kuuimba mshororo huu juu ya mapigo manne yaliyo sawa ana njia tatu. Njia ya kwanza ni kuiweka silabi yenye mkazo juu ya pigo na kuiacha -mu ianguke baada yake. Hapo matamshi yamehifadhika, ila kina hakisikiki sana, kwa maana kimemezwa na ngoma. Njia ya pili ni kuisukuma -mu mbele hadi ikalie pigo linalofuata na kuivuta. Hapo kina kinang'ara, lakini neno limetamkwa kigeni, kana kwamba mkazo umehamia mwisho; msikilizaji wa Mambrui atasema kuwa huyu anaimba kizungu. Njia ya tatu ni kuikata irabu ya mwisho, kama wafanyavyo vijana wa mijini katika mazungumzo ya haraka. Njia hiyo inafaa kwa mapigo, lakini inaua kina na mizani kwa pamoja.

Taarab haikuwa na tatizo hili, kwa sababu mwendo wake ni wa pole na mwimbaji ana ruhusa ya kuivuta silabi ya mwisho kwa madoido mpaka ala zikamjibu. Roki haina subira hiyo.

Dai letu ni kwamba chakacha ilitoa jibu. Chakacha ni ngoma ya wanawake wa Kiswahili, ya harusini, na mapigo yake huhesabiwa kwa sita. Sita hizo zaweza kugawanywa katika tatu mbili au mbili tatu, na mchezo wote wa kiuno na ngoma uko katika kushindana kwa migawanyo hiyo. Sasa, katika kikundi cha vipigo vitatu, silabi ya kwanza yaweza kuchukua viwili na ya pili kimoja: ndefu kisha fupi. Tunapoiweka -la-mu ya "salamu" hapo, -la- inapata urefu na mkazo wake wa kawaida, na -mu inapata ufupi wake bila kumezwa, kwa kuwa nafasi yake imeshatengwa. Mapigo ya sita yanaafikiana na umbo la neno la Kiswahili kuliko mapigo manne yaliyonyooka. Kwa mtazamo huu, bendi za Pwani zilipotoka katika roki na reggae na kuielekea chakacha, hazikuwa zikitafuta tu "ladha ya kienyeji" ya kuwauzia wageni. Zilikuwa zikitafuta mahali ambapo maneno yangeweza kukaa kitako.

Lazima tuongeze kwamba ufumbuzi huu ulikopwa kutoka kwa wanawake. Chakacha na vugo ni mali ya akina mama wa harusini, ambao majina yao hayamo katika santuri yoyote. Kadhalika muundo wa kiongozi na waitikiaji, ambao katika bendi ulichukua nafasi ya kiitikio cha roki, ni ule ule wa mwanzele, ambapo mwimbaji mmoja hutoa neno na umati humjibu kwa kayamba na sauti. Roki iliwaletea vijana umeme na utaratibu wa kundi dogo. Namna ya kusema waliikuta nyumbani.

6. Lugha ya hotelini na umilikaji wa maneno

Mwaka 1982 Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana", utungo wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ujerumani ya Magharibi likatoa wimbo wake uliotokana na huo, ukiwa na maneno "Hakuna Matata" katika jina lake. Kundi hilo hilo lilikuwa limeshaimba "Malaika" mwaka 1981, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao umilikaji wake uligombaniwa kwa miaka mingi.

Wapenzi wa Kiswahili sanifu wameulaumu wimbo wa "Jambo Bwana". Lawama yao ina msingi. Mswahili wa Malindi haamkii kwa neno "jambo" tupu. Husema "hujambo" akajibiwa "sijambo", au husema "shikamoo" kwa mkubwa wake. Umbo lililokatwa lilizoeleka katika mazungumzo na wageni tangu enzi za ukoloni. Lakini tukiutazama wimbo huo kama utungo wa aina yake, tunaona kwamba umejengwa juu ya maamkizi, yaani ule mtindo wa mazungumzo ya kupokezana ambao kila mgeni wa Pwani hukutana nao kwanza. Ni wimbo wa kufundishia. Vifungu vyake vifupi na urudiaji wake vinafanya kazi ile ile inayofanywa na nyimbo za watoto za kuhesabu. Mtunzi alikuwa na hadhira isiyojua lugha, naye akatunga utungo ambao hadhira hiyo ingetoka nao mdomoni. Ni wajibu wetu kumhukumu kwa kipimo cha kazi aliyoikusudia.

Maneno "hakuna matata" nayo yamesingiziwa mengi. Kisarufi hayana kasoro. "Matata" yatokana na mzizi wa -tata, ambao tunaukuta katika "tatiza" na "tatanisha", na ambao maana yake ya asili ni kusokotana, kama uzi uliofungana. Ni kweli kwamba mtu wa Pwani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kusema "hakuna taabu", "si neno" au "haidhuru". Hilo ni suala la matumizi, si la usahihi.

Jambo zito lilikuja baadaye. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya The Lion King, yenye wimbo wa jina hilo hilo uliotungwa na Elton John, mwanamuziki mashuhuri wa roki, pamoja na Tim Rice. Kampuni hiyo iliomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ulikamilika mwaka 2003. Wasemaji wengi wa Kiswahili walikuja kulijua jambo hili mwisho wa mwaka 2018, palipotokea malalamiko makubwa ya hadhara. Yatupasa tuwe waangalifu: usajili wa namna hiyo haumkatazi mtu kuyasema maneno, wala kuyaimba. Lakini unatuonyesha safari nzima ya neno: kutoka mdomoni mwa watu hadi bendi ya hotelini, kutoka bendi hadi santuri ya Ujerumani, kutoka huko hadi filamu, na kutoka filamu hadi fulana. Katika safari yote hiyo, idara za Kiswahili hazikuwa na andiko la kusema: neno hili lilitumiwa hivi, mahali hapa, na watu hawa. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya pili, alisalimiwa kwa maneno hayo mara nyingi kuliko kwa maneno mengine yoyote ya Kiswahili, na waliomsalimu waliamini kwamba yametoka katika filamu. Umaskini huo wa kumbukumbu hauwezi kulaumiwa kwa watunzi. Wao walitimiza kazi yao.

7. Hali ya sasa na mapendekezo

Roki yenyewe, kwa maana kamili ya jina, sasa ina makao yake zaidi Nairobi kuliko Pwani. Huko yamezuka makundi yanayopiga roki nzito, na mengi yao huimba kwa Kiingereza. Kundi la Duma, ambalo albamu yake ya mwaka 2020 ilitolewa na kampuni ya Kampala, limeufikisha mkwaruzo mahali ambapo maneno karibu hayatambulikani tena. Katika Pwani, vijana wengi waliochukua urithi wa uasi wa roki waliupeleka katika ufokaji, kama ilivyokuwa kwa Ukoo Flani wa Mombasa, kwa kuwa ufokaji huipa lugha nafasi ya kwanza. Na huko Kilifi, matamasha ya mwaka mpya chini ya mibuyu yamewaleta wageni wa namna nyingine, wanaocheza muziki wa mitambo usiohitaji bendi wala mwimbaji. Ule ukumbi wa hoteli uliokuwa chuo cha wanamuziki umepungua nguvu.

Tukilinganisha na Zanzibar, tunapata funzo. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 na kuondoka na familia yake mwaka 1964, alikuwa Freddie Mercury, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa roki. Zanzibar inajivunia kuzaliwa kwake, na ina haki. Lakini roki yake haikupitia katika Kiswahili. Roki ya Malindi na Kilifi ni ndogo kwa sifa, ila ilipitia katika lugha. Ililazimika kushindana na mkazo, kina na mizani. Kwa mtaalamu wa lugha, hiyo ya pili ndiyo yenye mengi ya kusema.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kanda na santuri za bendi za Pwani, pamoja na zile zilizorekodiwa kwa Kigiriama na lugha nyingine za Kimijikenda, zikusanywe na idara zetu, na kila wimbo uandikwe pamoja na jina la mtunzi, mwaka na mahali. Pili, maneno ya nyimbo yasiandikwe peke yake kama mashairi ya kitabuni, bali yaandikwe pamoja na mapigo, ili dai tulilolitoa juu ya chakacha na mkazo lipimwe, na likionekana halisimami, liangushwe. Tatu, watafiti wawaendee akina mama wa chakacha na wa vugo kama watunzi wenye majina, wala si kama "mila" isiyo na mwenyewe. Nne, wanafunzi wa fasihi wafundishwe nyimbo za bendi katika somo lile lile wanamojifunza takhmisa, maana kanuni ni moja. Tume ya Rais ya Muziki, iliyoundwa nchini Kenya mwaka 1982 na kutoa ripoti yake mwaka 1984, ilikuwa na kazi ya kutazama hali ya muziki wa taifa zima. Sehemu inayohusu maneno ya nyimbo ni juu ya idara zetu kuitimiza.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba roki ilipofika katika Pwani ya Malindi na Kilifi haikukuta ukiwa. Ilikuta kayamba, zumari, chakacha na mwanzele; ilikuta lugha yenye desturi zake za kina na mizani; na ilikuta watu waliozoea kupokea kilicholetwa na bahari bila kupoteza cha kwao. Kilichochukuliwa kutoka kwake ni umeme na ule ujasiri wa kundi dogo linalojitungia. Kilichobadilishwa ni mapigo, na badiliko hilo, kwa maoni yetu, liliongozwa na umbo la neno la Kiswahili. Watunzi hao wengi wao sasa ni wazee, na wengine wameshatangulia mbele ya haki. Kila mwaka unaopita pasipo kuwaendea na kalamu na kinasa sauti, sehemu ya maelezo yao inakwenda nao.